Kusahau ritani si uhujumu, kukodisha jina ni stori nyingine

Wasee wa Magunga, tuongee kuhusu hizi kampuni zetu. Siku hizi kijana akimaliza chuo, kabla hata hajapata kibarua, ashaingia eCitizen akasajili kampuni. Sababu tunaijua: AGPO, ile asilimia 30 ya tenda za serikali iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kampuni inazaliwa, tenda haiji, dairekta anapanda boda ama anashuka ziwani kutafuta omena. Kampuni inabaki imelala huko mtandaoni.

Sasa sheria haijali kama imelala. Sheria ya Kampuni ya 2015 inataka ritani kila mwaka, hata kama hujauza kalamu moja. Inataka pia useme mmiliki halisi ni nani, yaani yeyote mwenye angalau asilimia 10 ya hisa au kura, pamoja na yule anayeiendesha kutoka nyuma ya pazia. Rejista hiyo ilianza 2020. Ukinyamaza, faini inaweza kufika shilingi 500,000. Huku kwetu hiyo ni hela ya kuuza shamba.

Lakini je, huo ni uhalifu wa kiuchumi? Nasema hapana, na si kwa huruma tu. Sheria ya kupambana na ufisadi, ilivyoandikwa 2003, ilitaja milango miwili. Wa kwanza ni kifungu cha 45, kinachohusu mali na mapato ya umma. Wa pili ni kosa la udanganyifu chini ya sheria inayolinda mapato ya umma. Kijana aliyesahau ritani hajagusa mali ya umma wala hajadanganya mtu. Msajili amtoze faini au afute kampuni, basi. EACC watafute kazi nyingine.

Hili jina si la kurushiana ovyo. Ukipatikana na hatia ya uhalifu wa kiuchumi, unaweza kufungwa hadi miaka 10 au kutozwa faini hadi milioni moja, ama vyote viwili. Halafu kwa miaka 10 huwezi kuchaguliwa wala kuteuliwa kuwa afisa wa umma. Ndoto ya kuwa MCA imeenda hivyo. Angalia majirani zetu Tanzania, wanaoita mambo haya uhujumu uchumi. Mwanahabari Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019, akashtakiwa kwa uhalifu wa kupangwa, kukwepa kodi na kutakatisha fedha. Kwa shtaka hilo la mwisho hakuna dhamana, kwa hivyo alikaa rumande hadi Februari 2020.

Nawaza hivi kwa sababu Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF Februari 2024, na serikali ikishinikizwa hutafuta wa kuonyesha. Rahisi kumshika ni nani, bwenyenye mwenye mawakili watano ama dairekta wa miaka 23 asiyejua hata paswadi yake?

Lakini msinipigie makofi bado. Kuna ile tabia ya mkubwa kukwambia, "Nipe tu jina na kitambulisho, tenda ikitoka nitakutoa kitu." Kwenye makaratasi itaonekana ni kosa dogo, hamkutaja mmiliki halisi. Mimi hapo sikubali kuliita dogo. Tenda ilitengewa vijana, pesa ni ya umma, na imelipwa kwa uongo. Kuipata mali ya umma kwa ulaghai ndiyo kifungu cha 45 chenyewe, na sahihi pale ni yako, si ya mkubwa. Yeye hata kwenye CR12 hayuko.

Kifungu hicho hicho, kilivyoandikwa 2003, kinamfuata pia afisa anayepuuza utaratibu wa ununuzi kwa kusudi au kwa uzembe. Wakubwa hulia kwamba huko ni kuadhibu makosa ya karatasi. Pole zao, wao wanalipwa mshahara kuzijua hizo karatasi.

Kwa hivyo kama kampuni yako imelala, jaza ritani ama omba ifutwe kabisa. Na kama paswadi ya kampuni yenye jina lako iko kwa simu ya mtu mwingine, muulize leo hii ni tenda gani zimelipwa.