Tarumbeta ya Armstrong na jina la Bogoro



Juma lililopita kulikuwa mabishano makali hapa shuleni, na hayakuwa juu ya mpira. Mwenzetu mmoja alileta ndani ya simu yake diski inayoitwa Satchmo the Great. Ni mziki na maneno ya filmu ya habari za kweli iliyotoka mwaka 1957, juu ya Louis Armstrong, yule Mmarekani mweusi mpiga tarumbeta wa jazi. Wengine walianza kutikisa vichwa. Wengine wakapiga kelele: "Zima ile! Si ni yeye waliyemleta Léopoldville kutuchezea mziki wakati Lumumba amefungiwa nyumbani?"

Ni kweli. Tarehe 28 Oktoba 1960 Armstrong alifika Léopoldville, watu wakambeba juu ya kiti kama mfalme. Ile siku Lumumba alikuwa katika nyumba yake, askari wameizunguka. Tarehe 17 Januari 1961 akauawa Katanga. Serikali ya Marekani ilikuwa na mkono katika ile safari ya mziki. Filmu ya Mbelgiji Johan Grimonprez, Soundtrack to a Coup d'Etat, ya mwaka 2024, imeonyesha namna jazi ilivyotumiwa kama pazia. Hatukatai hata kidogo.

Lakini tuliomba wenzetu tusikilize diski mpaka mwisho, na tulikaa mpaka betri ikaanza kulia. Mwandishi wa habari Edward R. Murrow anaeleza na kuuliza, Armstrong anajibu na ile sauti yake ya mchanga, kisha tarumbeta inaendelea pale maneno yameishia. Tunasikia Accra mwaka 1956, Ghana haijapata uhuru bado: wapiga mziki wa pale, E. T. Mensah kati yao, wanampokea na tarumbeta zao wenyewe. Tunasikia New York mwaka uleule, Armstrong pamoja na okestra kubwa inayoongozwa na Leonard Bernstein. Mzee W. C. Handy, mwenye kutunga ule wimbo, alikuwa amekaa kati ya watu, kipofu, akisikiliza. Hapo hata wapiga kelele walinyamaza.

Diski inaishia hapo. Haisemi kwamba Septemba 1957, wanafunzi 9 weusi walipozuiliwa kuingia shule ya Little Rock, Armstrong alimsema Rais Eisenhower vikali mbele ya mwandishi wa habari na kukataa kwenda Urusi kwa niaba ya serikali yake. Basi ni mtu yuleyule: mwaka 1957 amekataa, mwaka 1960 amekubali. Mwenye kumchukia achukie, lakini amchukie mzima.

Juu ya nini tunasumbuka na mtu aliyekufa 1971? Juu ya sisi wenyewe. Ukifika mbali ukasema unatoka Bogoro, mtu anakuangalia na huruma, au na woga, na anataja siku moja: 24 Februari 2003. Watu wetu waliuawa siku ile, wengine ndani ya darasa. Hatutaki isahauliwe, na mahakama ya La Haye ilitoa hukumu mwaka 2014. Lakini Bogoro ilikuwako tarehe 23, na iko leo. Iko na soko, iko na ng'ombe, iko na barabara ya Bunia yenye vumbi, iko na fanfari inayokosea kila Pasaka na watu wanacheka mpaka machozi.

Ile sauti nani ameirekodi? Hakuna. Armstrong alikuwa na mashine ya kanda nyumbani kwake, akajirekodia mamia ya kanda, hakungoja Murrow. Filmu ya Sacha Jenkins ya mwaka 2022, Louis Armstrong's Black & Blues, imetumia kanda zile; ndiyo sababu yeye mwenyewe anajieleza humo.

Kwa hiyo tunaomba uongozi wa shule: Jumamosi moja, chumba kimoja, simu mbili tatu zenye betri. Tuwaite wazee wa fanfari na mama za kwaya, waseme walivyojifunza, na wapige. Hata lile tarumbeta lenye kitufe kilichokwama, tafadhali msiliache nyumbani.