Wakikuahidi ajira elfu tano, waulize wamezihesabu vipi

Kama umekulia Kinondo, Msambweni au Ukunda, hii sinema unaijua. Gari kubwa jeupe linaingia kijijini, viti vya plastiki vinapangwa chini ya mwembe, soda zinagawanywa, kisha mtu mwenye tai anasimama na kutangaza kwamba mradi utaleta ajira elfu tano, za moja kwa moja na zisizo za moja kwa moja. Makofi. Wewe uliyemaliza kidato cha nne juzi unaanza hesabu kichwani: kati ya elfu tano, kweli mimi nitakosa moja?

Mara nyingi hakuna anayeuliza hiyo elfu tano imetoka wapi. Leo tuiulize sisi.

Namba kama hiyo mara nyingi huzaliwa na kitu ambacho wanauchumi hukiita kizidishi. Wazo lenyewe ni jepesi. Hoteli ikifunguliwa, inaajiri wapishi, walinzi na wasafishaji. Hizo ni ajira za moja kwa moja. Hoteli hiyo inanunua samaki, mboga, makuti na usafiri, kwa hiyo mvuvi na mwenye pikapiki nao wanapata kazi zaidi. Hizo ndizo zisizo za moja kwa moja. Halafu mpishi akipokea mshahara anakwenda kununua mahamri, anakata nywele, anapanda boda, analipa kodi ya nyumba. Hapo kuna kundi la tatu, la kazi zinazoletwa na matumizi ya mishahara.

Ili kuyajumlisha makundi yote matatu unahitaji jedwali linaloonyesha kila sekta inanunua nini kutoka kwa sekta nyingine. Mtu aliyeijenga hesabu hiyo ni Wassily Leontief, aliyekulia Urusi na kufanya kazi Marekani. Alichapisha jedwali lake la kwanza mwaka 1936, na mwaka 1973 akapewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi. Huko Marekani, ofisi ya serikali ya BEA imekuwa ikiwauzia wapangaji vizidishi vya eneo lolote wanalotaka, hata kaunti moja tu. Kwetu Kenya, shirika la takwimu KNBS lilianza mwaka 2019 kuchapisha pato la kila kaunti, na hiyo ni hatua kubwa. Lakini pato linakwambia Kwale imezalisha kiasi gani. Halikwambii hoteli ya Diani imenunua nyanya zake wapi. Na siri yote ya kizidishi iko kwenye hizo nyanya.

Tupige hesabu ya mfano tu. Tuseme mradi unaleta shilingi 100 Kinondo, na katika kila mzunguko shilingi 60 kati ya hizo 100 zinabaki hapa hapa. Mzunguko wa kwanza 100, wa pili 60, wa tatu 36, unaofuata 21 na senti, hivyo hivyo mpaka ziishe. Ukijumlisha zote unapata 250. Kizidishi ni 2.5.

Sasa tuseme ukweli uko tofauti: nyama inatoka nje ya kaunti, mashuka yanatoka Nairobi, meneja ana familia yake Nairobi na ndiko anakotuma mshahara, faida inakwenda ng'ambo. Zinazobaki ni shilingi 20 tu. Mizunguko inakuwa 100, 20, 4, basi. Jumla 125. Kizidishi ni 1.25.

Umeona pengo? Ikiwa mradi umeajiri watu 400, na tuchukulie kazi zinaifuata pesa, anayetumia 2.5 atakwambia jumla ni ajira 1,000. Anayetumia 1.25 atasema 500. Mradi ni ule ule, wafanyakazi ni wale wale. Kosa ambalo ni rahisi kulifanya, na wengine wanalifanya wakijua, ni kuchukua kizidishi cha nchi nzima na kukibandika kijijini. Kenya nzima inabakisha shilingi nyingi kuliko Kinondo, maana shilingi ikitoka Kinondo ikaenda Thika bado iko Kenya. Mtaalamu atazihesabu zile kazi za Thika. Wewe unamsikiliza pale chini ya mwembe ukidhani ni za kwako.

Tuchukue mfano tunaoujua sote, mgodi wa titani. Kampuni ya Base Resources ya Australia iliununua mwaka 2010 mradi huo ambao awali ulikuwa wa Tiomin ya Canada, na kampuni yake ya hapa, Base Titanium, ikaanza kuchimba mwaka 2013. Shehena ya kwanza ilisafirishwa kupitia Likoni mapema mwaka 2014. Desemba 2024 uchimbaji ukasimama, mchanga wenye madini ukiwa umekwisha. Ukienda Ukunda leo, muulize mwenye nyumba za kupangisha. Kizidishi kikirudi kinyumenyume hakihitaji jedwali, unakiona kwenye vyumba vitupu. Wazee wa Msambweni watakwambia walishaliona hilo kabla, kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipoanguka mwaka 1988.

Mgodi huo uliwalipa watu mishahara mizuri, hilo tusiwanyime. Lakini angalia njia za pesa. Mitambo ilitoka nje. Mafuta ya kuiendesha yalitoka nje. Ilmenaiti, rutili na zirkoni zilipakiwa melini kama zilivyo, na viwanda vya kuzigeuza kuwa bidhaa havikuwa Msambweni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mnyororo wa kazi ilikuwa mbali na sisi tangu siku ya kwanza.

Hapa kuna mtego wa namba ambao hata mimi ulinipita mara ya kwanza. Tuseme, kwa mfano tena, shilingi milioni kumi zikiingia mgodini zinaajiri mtu mmoja wa moja kwa moja na watatu wengine nje. Kizidishi cha ajira ni 4. Inasikika tamu. Milioni kumi hizo hizo zikiingia hotelini zinaajiri kumi ndani na watano nje. Kizidishi ni 1.5 tu, inasikika duni. Lakini hesabu watu: mgodi umetoa kazi nne, hoteli imetoa kumi na tano. Kizidishi kinaweza kuwa kikubwa kwa sababu tu kazi za moja kwa moja ni chache, mashine ndizo zinazofanya kazi. Kwa hiyo mtu akijigamba na kizidishi kikubwa, usianze kushangilia.

Kuna pia suala la muda. Katika hesabu hizi kibarua cha mwaka mmoja kwenye mjengo kinaweza kuandikwa kama ajira moja. Watu 500 wakijenga kwa miaka miwili, mtu mjanja ataandika 1,000. Hajadanganya, lakini ni miaka ya kazi hiyo, si watu. Wewe unasikia watu.

Na linaloniuma zaidi ni lile ambalo jedwali halina safu yake. Kizidishi huchukulia kwamba kila kazi mpya ni nyongeza, kana kwamba kabla ya mradi watu walikuwa wamekaa bure. Familia za Nguluku na Maumba zilihamishwa kupisha mgodi. Walikuwa na minazi, mikorosho, mashamba. Mama aliyekuwa akiuza korosho alikuwa na kazi, ila haikuwa na barua ya ajira. Ukijumlisha mlinzi mpya wa geti bila kutoa mvuvi aliyefungiwa njia ya kushukia pwani, hiyo ni hesabu ya kujumlisha tu. Kutoa umeruka.

Si kwamba kizidishi ni cha kupewa tu na Mungu. Kinaweza kusukumwa kipande. Kule kule karibu na mgodi kilianzishwa chama cha ushirika cha wakulima, PAVI, jina lililotokana na pamba na viazi, kikisaidiwa na Base Titanium na washirika wengine. Pamba yake ilipata soko hadi kampuni ya nguo ya Cotton On ya Australia. Hiyo ni shilingi iliyofundishwa kubaki Kwale.

Tazama pia miradi midogo ya kwetu. Mgeni anayeingia Kaya Kinondo, akavishwa kaniki na kutembezwa msituni na kijana wa Kidigo, pesa yake inabaki kijijini karibu yote. Pale Gazi, Mikoko Pamoja inauza hewa ya kaboni tangu mwaka 2013 kwa kulinda hekta 117 za mikoko, na mapato yanaingia kwenye maji na shule. Ajira za moja kwa moja ni chache mno, sikatai. Hazitawamaliza vijana wote walioko maskani. Ila shilingi 100 inayoingia huko haivuji kama ile ya hoteli inayoagiza hadi kitunguu kutoka mbali.

Basi siku gari jeupe litakaporudi, na litarudi, kumbuka ripoti ya athari kwa mazingira inayopelekwa NEMA huwa na sehemu ya manufaa ya kijamii na kiuchumi, na wananchi wana haki ya kuisoma na kutoa maoni. Iombe. Tafuta ilipo ile namba ya ajira. Kisha nyanyua mkono barazani, kwa adabu: Mheshimiwa, hizo elfu tano ni watu au ni miaka ya kazi? Ngapi ni za ujenzi? Kizidishi mlichotumia ni cha Kenya au cha Kwale? Katika kila shilingi 100 mtakayotumia, ngapi mtanunulia kwetu, na mtaandika wapi? Na wale watakaopoteza kazi walizonazo sasa, mmewatoa kwenye hesabu?

Akianza kukuchekea, mwachie mwenzako aulize tena.