Punda hana P3: Mahali ambapo kesi za ukatili kwa wanyama hukwama

Mtu akipigwa hapa Kenya, njia yake inajulikana. Anaripoti kituoni, anapata nambari ya OB, anapewa fomu ya P3, daktari anaijaza, na karatasi hiyo ndiyo inayobeba kesi mpaka mbele ya hakimu. Punda akikatwa panga hana P3. Akibahatika atapata daktari wa mifugo atakayemshona, amdunge dawa na kwenda zake. Mara nyingi mambo huishia hapo.

Sheria ipo, tena si ya jana. Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inayozuia ukatili kwa wanyama, inagusa kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha mzigo kupita kiasi, kumfanyisha kazi akiwa hafai kwa kazi na kumnyima chakula na maji. Adhabu yake ni faini isiyozidi Sh3,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Wengi hulaumu udogo wa faini hiyo, na wana haki. Lakini kwa maoni yetu tatizo linaanza kabla ya faini. Watu watatu wanaohitajika ili kesi isimame, yaani polisi, daktari wa mifugo na mwendesha mashtaka, hawana mazoea ya kushughulikia faili moja pamoja.

Katiba ya 2010 inaeleza sehemu ya sababu. Huduma za mifugo, pamoja na ustawi wa wanyama, zilikabidhiwa kaunti. Polisi na waendesha mashtaka wakabaki wa kitaifa. Basi daktari anaripoti kwa kaunti, polisi kwa mkubwa wake, na mwendesha mashtaka anasubiri faili. Hakuna kati yao anayekosea akimsubiri mwenzake, na punda hana wa kumfuatilia.

Kila mmoja pia huona kitu tofauti akimtazama mnyama yuleyule. Polisi ataona kidonda. Daktari ataona kidonda kipya juu ya kovu la zamani, na pale penye hatamu mbovu ataona ngozi iliyochubuka, ikapona, ikachubuka tena. Kwato zilizorefuka na kupinda hazikurefuka kwa juma moja. Hiyo ni miezi ya kutojali. Hata mzoga husema: mnyama akipigwa angali hai, damu huvilia chini ya ngozi, ilhali jeraha la baada ya kufa halivilii hivyo. Maarifa haya yote daktari anayo kichwani. Mahakamani hayana kazi mpaka yaandikwe yakiwa na tarehe, mahali, vipimo na sahihi yake, kisha yeye mwenyewe awe tayari kuja kuulizwa maswali na wakili wa mshtakiwa. Daktari aliyefundishwa kutibu si lazima awe amefundishwa kutoa ushahidi.

Halafu kuna jambo ambalo wanasheria hawakutani nalo katika kesi nyingine nyingi: kielelezo kinakula. Panga lililotumika katika uhalifu huwekwa kwenye stoo ya kituo, likafungiwa lebo. Punda mgonjwa hawekwi stoo. Anahitaji maji kila siku, nyasi, dawa na mtu wa kumgeuza akilala. Kesi ikiahirishwa mara mbili tatu, ama amepona na jeraha halionekani, ama amekufa. Akirudishwa kwa mwenyewe, mwenyewe huyo ndiye mshtakiwa. Lamu wana nafuu kidogo kwa sababu kliniki ya punda imekuwapo kisiwani kwa miongo kadhaa, na mnyama aliyejeruhiwa ana pa kupelekwa. Sehemu nyingi za bara hazina. Ndiyo maana picha na ripoti ya daktari siku ya kwanza si mapambo ya faili. Siku ya hukumu huenda vikawa ndivyo vyote vilivyobaki.

Biashara ya ngozi ilionyesha pengo jingine. Mwaka 2012 punda aliruhusiwa kuchinjwa kwa nyama, na baadaye vichinjio vinne vikafanya kazi nchini, ngozi zikienda China kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8, ya 2019 ikahesabu takribani milioni 1.2. Wafugaji waliamka asubuhi wakakuta mizoga iliyochunwa vichakani. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2020, Mahakama Kuu ikabatilisha marufuku hiyo 2021, kisha Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15.

Mshukiwa wa kuchinja punda wa mtu akikamatwa, mwendesha mashtaka ana njia mbili. Wizi wa mifugo, chini ya Kanuni ya Adhabu, unaweza kumfunga mtu hadi miaka 14. Ukatili, miezi sita. Nani atachagua miezi sita? Uamuzi huo ni wa busara, ila una gharama: mateso ya mnyama hayaandikwi popote, na kwa hiyo hayahesabiwi. Marekani walikuwa na shida kama hiyo, makosa haya yakitupwa kwenye kapu la "mengineyo", mpaka FBI ilipoanza mwaka 2016 kuyahesabu peke yake. Kwetu, hakuna kinachomzuia mwendesha mashtaka kufikiria mashtaka yote mawili katika faili moja, mradi ripoti ya daktari imo. Bila ripoti hiyo, shtaka la pili halina miguu.

Na P3 ya mnyama? Haihitaji kusubiri Bunge. Ofisi ya mifugo ya kaunti, kituo cha polisi na mwendesha mashtaka wa eneo wanaweza kuketi siku moja wakakubaliana juu ya ukurasa mmoja wa ripoti, na nambari ya simu ya daktari ikabandikwa kwenye dawati la OB.

Kwa wasikilizaji wanaotutumia video za punda wakipigwa: usiifute ile ya asili kwenye simu yako. Video iliyosambazwa WhatsApp bila mwenyewe haifiki mbali kortini. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza ilivyorekodiwa na kwa kifaa gani. Aliyerekodi aende kituoni na simu yake, aandikishe taarifa na aondoke na nambari ya OB.