Mtoto aliyezimia apimwe moyo

Mtoto kuzimia katikati ya mbio, ndani ya maji au baada ya kushtuliwa ni dalili ya hatari, na hospitali inayomrudisha nyumbani bila kumpima umeme wa moyo (ECG) imemtelekeza. Hatuumi maneno katika hili, kwa sababu ugonjwa unaoweza kumuua unajulikana, unapimika na una dawa.

Unaitwa ugonjwa wa QT ndefu. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila 2,000 huzaliwa nao. Kila pigo la moyo huanzishwa na umeme, na baada ya pigo chembe za moyo lazima zijiandae kupokea jingine. Kwa mwenye kasoro hii, vijitundu vinavyopitisha potasiamu au sodiamu kwenye kuta za chembe hizo havifanyi kazi ipasavyo, na maandalizi yanachelewa. Umeme ukivurugika katika kuchelewa huko, moyo huacha kusukuma damu, ukabaki kupapatika. Mtu huanguka, mara nyingine hukakamaa na kutetemeka, ndiyo maana huambiwa ana kifafa. Mapigo yakirudi yenyewe, huamka kana kwamba hakuna lililotokea. Yasiporudi, familia inazika. Hata mwili ukifanyiwa uchunguzi, moyo hukutwa mzima, kwani kasoro ya umeme haiachi jeraha.

Aina ya kwanza humwangusha mtu akikimbia na hasa akiogelea. Ya pili akishtuliwa na mlio wa ghafla, kama kengele ya saa alfajiri. Ya tatu hujitokeza zaidi akiwa amelala. Kijana hodari wa kuogelea akizama kwenye maji matulivu, huku pwani husemwa amechukuliwa na majini. Mazungumzo hufungwa hapo, na wadogo zake huendelea kuogelea.

Kosa kubwa liko hapo. Kasoro hii ni ya kurithi, na kwa kawaida mzazi mmoja mwenye nayo anatosha: kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuipata. Mwaka 1957, madaktari Anton Jervell na Fred Lange-Nielsen wa Norwei waliandika habari za familia yenye watoto sita. Wanne walizaliwa viziwi na walikuwa wakizimia. Watatu kati yao walifariki ghafla, wakiwa na umri wa miaka 4, 5 na 9. Wazazi walikuwa wazima. Leo sababu inajulikana: aina hiyo adimu humpata mtoto aliyerithi kasoro kwa baba na kwa mama, na vijitundu vilevile vya potasiamu vinahitajika ndani ya sikio. Jambo hili linatuhusu sisi ambao kwetu binamu huoana. Mwalimu wa shule ya watoto viziwi akiona mwanafunzi anazimia, asikubali maelezo ya mtu yeyote kabla ya kuiona karatasi ya ECG.

Kipimo hicho hakiumi na huchukua dakika chache. Udhaifu uko kwenye usomaji. Mashine huchapa tafsiri yake juu ya karatasi, na daktari mwenye foleni ndefu huiamini. Apime mwenyewe, kwa rula. Muda wa QT, yaani tangu pigo lianze hadi moyo uwe tayari kwa jingine, ukisharekebishwa kwa kasi ya moyo, ukizidi milisekunde 460, mtoto aonwe na daktari bingwa wa moyo. Ukivuka 500, asisubiri miadi. Na kwa kuwa takriban robo ya waliorithi kasoro hupimwa wakaonekana sawa, ukoo uulizwe: nani alizama, nani alifia usingizini, nani alimeza dawa za kifafa miaka mingi bila nafuu.

Tiba ya kwanza ni vidonge vya kutuliza moyo, kama propranolol, dawa iliyopo tangu miaka ya 1960. Ikinywewa bila kuruka siku, hupunguza sana hatari. Wachache walio hatarini zaidi huhitaji kifaa cha kushtua moyo kinachopandikizwa kifuani. Kuna pia dawa za kukwepa: erithromaisini, azithromaisini, klorokwini na haloperidoli hurefusha QT. Mtoto aliyedhaniwa ana mapepo, kisha akapewa haloperidoli, ameongezewa hatari na waliopaswa kumwokoa. Duka linalouza azithromaisini kama peremende, bila cheti cha daktari, lifungwe.

Tangu 1982 Italia huwapima wanamichezo wote wa mashindano, ECG ikiwemo, na katika jimbo la Veneto vifo vyao vya ghafla vya moyo vimepungua kwa karibu asilimia 90. Hatudai tuanzie huko. Tunadai kwamba kabla ya mashindano ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISETA, kila mwanafunzi aulizwe kama amewahi kuzimia na kama ndugu yake alifariki ghafla akiwa kijana, na anayejibu ndiyo asikimbie mpaka apimwe. Kila uwanja wa michezo hiyo uwe na mwalimu anayejua kukandamiza kifua.

Na familia iliyozika kijana bila sababu kuonekana isiachiwe rambirambi peke yake. Hospitali iliyopokea mwili iwaite wazazi na watoto waliobaki, iwapime ECG kabla ya arobaini, na gharama hiyo ibebwe na serikali.