Mdakaji Naye Ana Vidole

Leo nina langu moyoni. Kwenye rede kila mtu anamsifia mrushaji. "Yule dada ana mkono!" Sawa, ana mkono. Je, anayedaka upande wa pili hana vidole?

Kwa mliosahau: wawili wanasimama huku na huku wakirusha, wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Mpira ukimkosa, wa upande wa pili audake. Ukimpita, kaufuate kichakani. Ukirudi, chupa imeshajaa! Ndiyo maana mdakaji hathubutu kukwepa. Kule Kapalamsenga, mkoani Katavi, nimedaka sana mimi. Mpira ni soksi iliyoshindiliwa matambara, lakini ukilowa, jamani, ni jiwe. Tena wa katikati anakuziba: akiinama tu, mpira huo usoni.

Wenzetu wa softboli hawafanyi mchezo na hilo. Mrushaji wa kike anasimama kama mita 13 tu kutoka kwa mpigaji, na wale wakali wanavuka kilomita 100 kwa saa. Mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji ana chini ya nusu sekunde. Basi anavaa kinyago cha chuma, kinga ya kifua na ya miguu, na glavu nene. Ule mkono mtupu anauficha nyuma. Kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, Yukiko Ueno wa Japani alirusha mipira 413 kwa siku mbili, dhahabu wakachukua. Anasifiwa mpaka leo. Wadakaji wake je, nani anawataja?

Sisi kinyago hatuna, glavu hatuna. Mdakaji mwenzangu, usiutangulizie mpira ncha za vidole. Ukija kifuani, vidole vitazame juu. Ukija miguuni, vitazame chini. Na mikono irudi nyuma kidogo pamoja nao. Kidole kikigongwa, shoga yako asikivute eti "kirudi". Kiweke kwenye maji baridi. Kikipinda au kikigoma kunyooka, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Hicho ndicho cha kushikia kalamu na kusukia nywele, ati!

Nanyi warushaji wenye sifa zenu, mlengeni wa katikati, msimkomoe mwenzenu. Huyo ni mshikaji wako kwa maana zote mbili. Wiki ijayo, panapo majaliwa!