Kichwa cha Treni Katika Picha ya Baba
Juma hili, nilipokuwa nikipekua sanduku la marehemu baba, nilikuta picha ndogo iliyopauka, naye amesimama kando ya kichwa cha treni cha dizeli kilichotoka Uchina, mkono wake umeshika chuma cha ngazi kama ashikaye hatamu za farasi ampendaye. Nikaketi nikaitazama hata chai ikapoa. Vichwa hivyo vya aina ya DFH, vyenye nguvu za farasi 2,000, ndivyo vilivyofungua kazi katika reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, masafa ya kilomita 1,860 toka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi. Na ajabu yake ni kwamba nguvu ya injini haikugeuzwa umeme kwanza, bali ilipitishwa katika mafuta yaliyozungushwa kwa kasi, ndipo magurudumu yakatii. Milima baina ya Mlimba na Makambako iliviemea, na kuanzia mwaka 1983 vikaja vya General Electric vyenye nguvu za farasi 3,000 kuvipokea mzigo. Lakini punda aliyezeeka hayafuti maji aliyokwisha kuyateka. Huko Nairobi, gari la mvuke liitwalo Mount Gelai limetunzwa kwa taadhima katika jumba la makumbusho, nami nafurahi. Ila kudhani kwamba tarihi ya reli zetu ilikoma pamoja na mvuke ni dhuluma kwa mashine zilizoipitishia Zambia shaba yake hadi bahari huru. Nyuma ya picha, kwa penseli, baba ameandika neno moja tu: Mlimba.