Uvimbe Uitao Damu



Wengi huuliza: «Yawezekanaje uvimbe ukae kimya miaka mingi, kisha ukue kwa miezi michache?» Wengine hujibu upesi kwamba ni mkono wa mlozi. Sivyo. Sababu yake imekwisha kujulikana.

Kila chembe ya mwili huishi kwa chakula na hewa viletwavyo na damu. Saratani, tuitayo pia kansere, yafuata sheria hiyo hiyo. Isipojipatia mishipa yake yenyewe, kwa kawaida haikui kupita milimeta 1 au 2. Hukaa hapo kama mfungwa mwenye njaa.

Aliyelionyesha jambo hili ni Judah Folkman, mpasuaji wa Boston huko Marekani, mwana wa rabi wa Wayahudi. Mwaka 1971 aliandika kwamba uvimbe hutoa kitu kinachoiamuru mishipa ya jirani ichipue matawi mapya. Waganga wengi hawakumsadiki, naye akaendelea na kazi kwa saburi. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake, katika California, walimtambua mjumbe mmoja mkuu wa kazi hiyo, aitwaye VEGF. Chembe zenye njaa humtuma. Mshipa ukipata habari yake huchipua kuelekea uvimbe, kama mzizi ufuatao maji.

Mjumbe huyo si mbaya kwa asili. Muumba amemweka mwilini kwa manufaa yetu: husaidia kidonda kupona, na mtoto kulishwa tumboni mwa mamaye. Lakini kidonda kikipona, mwito hukoma. Saratani haikomi kuita. Ndivyo uovu ulivyo: hauumbi kitu, bali huiba kilicho chema. Tena kwa mishipa ile ile iletayo chakula, chembe mbaya hutoka na kusafiri hata mapafuni na katika ini.

Mwaka 2004 Marekani iliruhusu dawa iitwayo bevacizumab, imkamatayo mjumbe huyo njiani, itumike pamoja na dawa nyingine kwa saratani ya utumbo mpana. Yachelewesha ugonjwa, lakini kwa kawaida haiuondoi, kwa kuwa uvimbe hutafuta wajumbe wengine. Nayo ni ya bei kubwa. Jamaa nyingi haziwezi kuinunua.

Basi tushike hili: uvimbe unaogusika kwa kidole umekwisha kujipatia damu. Si kila uvimbe ni kansere, lakini wa kuamua ni mganga aliyeupima, wala si jirani. Mama akigusa kijiwe katika ziwa lake, asikifiche kwa haya, wala asikubali kuchanjwa kwa wembe. Asitulie kwa sababu hakiumi. Mara nyingi saratani changa haina maumivu. Naye baba asiseme: «Tungoje mavuno.» Auze kuku, akope nauli, ampeleke mkewe hospitali juma hili hili. Tuwaombee wagonjwa wetu, na sala zetu ziwasindikize njiani. Zisiwe sababu ya kuwaweka nyumbani.